Chumba cha Juu cha Mama Salome

Nyumba ya Juliana pale Ushirombo ina paa refu kuliko nyumba zote za mtaa ule. Marehemu mumewe, Donatus, aliyejifunza ujenzi kwa mafundi wa misheni, aliziinua kenchi za paa lile, mbao zinazolibeba, kwa makusudi kabisa. Alikuwa akisema siku moja wataweka sakafu ya mbao juu kule, watoboe dirisha kwenye ukuta wa ubavuni, na mkewe atapata chumba kisichopitwa na kila anayekuja kuomba chumvi. Kisha Donatus akafa, na paa lake likabaki na popo.

Juliana anauza vitenge sokoni. Chini kwake kumejaa mpaka basi: watoto wa dada yake wanaosoma sekondari, marobota ya vitenge, na wageni wa kutoka Runzewe wanaokuja kwa siku mbili wakakaa mwezi. Kitanda chake mwenyewe amekigawana na marobota kwa miaka. Mwaka huu akasema imetosha, chumba cha juu kijengwe.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo kwingine lisingehesabiwa kuwa kosa. Kazi akampa mkwe wake.

Wazo lilikuwa la binti yake, Salome. "Mama, utaenda kutafuta fundi wa nje na Baba Maganga yupo? Watu watasemaje?" Juliana naye akaona ni kweli, watu watasema. Luka, ndiye Baba Maganga, ni seremala kijana, ana randa yake na pimamaji yake, na mjini ndio kwanza jina lake lilikuwa linaanza kushika. Wote wawili, mama na binti, wakasahau jambo moja dogo: fundi ni mtu wa kuambiwa, na mkwe haambiwi.

Kwa watu wa Juliana, mama na mkwewe wa kiume hawazoeani. Wakikutana njiani, Luka anapisha majanini, anainama, anasalimia ardhi. Juliana anaitikia huku akitazama mawingu. Jina la mkwewe hajawahi kulitamka. Humwita "mtu wa Salome", na tangu harusi uso wake hajapata kuutazama sawasawa. Kila neno kati yao lilipitia kwa Salome, na Salome ni mtu asiyependa ugomvi.

Kazi ilianza vizuri, ikaanza kuharibika pale pale. Sakafu ilipowekwa, baada ya muda mbao zikaachana, ukisimama chini unaona mwanga wa juu. Ngazi ya ndani ilikuwa na kidato kimoja kilichozidi vingine, na kila aliyepanda alijikwaa hapo. Vichwa vya misumari vilichungulia. Puti kwenye maungio ya dari ilipigwa vizuri hadi katikati, kisha ikaachwa na alama za vidole. Mlango wa mwisho wa ngazi ulikataa kufunga. Dirisha lilikuwa tundu tu lililozibwa kwa turubai, na fremu yake imeegeshwa ukutani wiki nenda wiki rudi. Kilichomuuma zaidi Juliana ni kwamba hakuna kilichokuwa kibaya moja kwa moja. Kila kitu kilianzwa na mtu anayejua kazi, kikamaliziwa na mtu asiyejali.

"Mwambie mtu wako ile ngazi itaniua," alimwambia Salome.

"Amesema ataiangalia, mama."

"Na sakafu?"

"Anasema usiwe na wasiwasi."

Juliana akawa anarudi kutoka sokoni kabla ya wakati wake ili aone kama kuna kilichorekebishwa. Siku nyingine anafunga meza asubuhi, siku nyingine mchana, akidhani atamkuta fundi. Hakumkuta hata mara moja. Alikuta vumbi la mbao, ngazi ya nje imeegemea ukuta, na kazi imeachwa kama ya mtu aliyeitwa msibani. Akaanza kuamini kwamba Salome ameolewa na mvivu, na wazo hilo lilimnyima raha kuliko ngazi yenyewe.

Mwishowe akaenda kwa fundi Masudi, mtu mzima mwenye maneno mengi na kazi safi. Masudi alikuja, akapanda, akajikwaa palepale, akacheka.

"Mama Salome, hii kazi ni ya kubomoa nusu. Jumatatu nakuja na vijana wangu. Kwani nani alikufanyia hivi?"

Juliana alijifanya hakusikia. Alijua vizuri kitakachofuata. Ushirombo si Dar es Salaam. Masudi akivunja ngazi ile, kufikia jioni mji mzima utajua kwamba Luka kakataliwa na mama mkwe wake mwenyewe, na nani tena atampa hata kiti cha kukaza? Salome atarudi nyumbani analia, au hatarudi kabisa. Lakini asipomleta Masudi, chumba alichoahidiwa na Donatus ndio basi tena, atazeeka na marobota. Alilala na mambo hayo mawili, akaamka nayo.

Jumamosi alienda sokoni, akakuta amesahau funguo za sanduku la vitenge. Akarudi, akapitia mlango wa uani, akaingia jikoni bila kumsalimia mtu. Juu kule chumbani palikuwa na sauti. Mtu alikuwa anapiga randa polepole, anasimama, anapuliza vumbi, anapiga tena. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na alipokosea neno aliurudia mwanzo. Juliana akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akasikiliza. Huyu hakuwa mvivu. Mvivu hapulizi vumbi.

Moshi wa jikoni ukamwingia, akakohoa.

Randa ikakoma katikati ya ubao. Alisikia nyayo zikienda kwenye tundu la dirisha, ngazi ya nje ikalia, kisha kimya. Alipotoka uani, mtu wa Salome alikuwa ameshavuka uzio wa jirani, randa kwapani.

Juliana akapanda juu. Ubao ulikuwa laini nusu, nusu bado una manyoya. Akaitazama puti iliyoishia katikati, misumari iliyoachwa kichwa juu, bawaba yenye skurubu moja tu, akaelewa. Kila kazi ilikatikia pale alipofika yeye. Mkwe hawezi kukanyaga juu ya kichwa cha mama mkwe wake, na sakafu ile ilikuwa juu ya chumba chake cha kulala. Kila alipowahi kurudi kumkagua, alimfukuza. Aliona haya, kisha akacheka peke yake mle ndani, kisha akaona haya tena.

Jioni akamwita Salome. "Mwambie mtu wako Jumatatu aje amalize. Mimi nitakuwepo."

"Mayu wane, mama yangu! Hawezi kupanda na wewe upo chini."

"Nani kasema nitakuwa chini? Nitakaa juu. Yeye aanze na ngazi."

Salome alitafuta kichwani. Hakuna mila aliyoijua iliyokataza hilo.

Kuhusu Masudi, Juliana hakumwambia asije. Tuseme ukweli: alitaka kuona kwanza.

Jumatatu, Salome alimpeleka mwanawe Maganga kliniki. Juliana akapanda na kigoda chake, akakaa akilitazama turubai, ngazi akaipa mgongo. Baada ya muda alisikia miguu ikiingia sebuleni, ikasimama.

"Mwangaluka, mayu," sauti ikaamkia kwa lugha ya kwao, karibu isisikike.

"Mwangaluka," aliitikia, akiliambia turubai.

Nyundo ikaanza. Juliana alivumilia, akavumilia, kisha akaanza kuzungumza na ngazi, kwa kuwa ngazi si mkwe wa mtu.

"Wewe ngazi, hicho kidato chako cha katikati kimewazidi wenzake. Sijui ulipimwa na nani."

Nyundo ikanyamaza. Kisha Luka, naye akiongea na msumeno wake, akasema, "Kilipimwa vizuri. Gundi haikuwa imekauka, mwenye nyumba akaingia, kikaachwa kikasogea."

"Na sakafu je? Imeachana kama meno ya mtoto."

"Mbao zilikuwa mbichi. Ziliombewa muda wa wiki chache zikauke. Jibu likaja kwamba mama anataka haraka."

"Mimi?" Juliana alisahau akageuka nusu, akajizuia. "Ngazi, mimi sijawahi kusema haraka. Nimeambiwa fundi anasema nisiwe na wasiwasi."

"Fundi ameambiwa mama amefurahi sana."

Kila mmoja alikuwa anamfikiria Salome, na heri yake alikuwa kliniki.

Baada ya hapo kazi ilienda. Kidato kilitoka, kikachongwa, kikarudi. Misumari ikazama. Juliana alishikilia mlango kwa juu wakati bawaba zinakazwa kwa chini, mlango ukiwa katikati yao kama pazia. Likabaki dirisha. Fremu ile haiwekwi na mtu mmoja. Wa nje anainyanyua na wa ndani anaishika mpaka iwe sawa. Alisikia ngazi ya nje ikiegeshwa, hatua zikipanda, kisha zikakwama.

"Lete," Juliana akaliambia turubai, na akalibandua mwenyewe.

Fremu ikaja, naye akaishika pande mbili, na ndani ya fremu ukawemo uso wa Luka, sawa na wake, si juu wala chini. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye kope na jasho la woga puani. Wala hakukuwa na mawingu ya kutazama, maana yalikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyanyua kidogo upande wako. Hapo. Tazama pimamaji."

Barabarani pikipiki ikasimama. Fundi Masudi alishuka na vijana wake wawili na nyundo kubwa ya kubomolea, akainua kichwa, akamwona mama mkwe na mkwe wameshikilia fremu moja ghorofani. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika mihogo naye akasimama.

"Mama Salome!" Masudi akapaza sauti. "Si ulisema nije? Nani huyo anakufanyia kazi?"

Luka akainamisha macho. Juliana aliihisi fremu ikishuka upande wa nje. Akaikaza.

"Nina fundi wangu," akasema, kwa sauti ya kuuzia vitenge, ili na wa sokoni wasikie. "Anaitwa Luka."