Daftari la Ndege za Isiolo

Nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Acha niseme tu.

Nafundisha takwimu katika chuo kimoja hapa Isiolo. Kuna programu ndogo ninayoipenda: unaandika uwanja wa ndege na mwaka, unabonyeza, inakushushia kutoka intaneti kila safari ya ndege, saa iliyopangwa, saa iliyotoka kweli, hata upepo wa siku hiyo. Iliundwa kwa ajili ya walimu, ili wanafunzi watafute wastani wa mambo ya kweli, si wa maembe ya kwenye kitabu. Ubaya wake ni kwamba inajua viwanja vya Marekani peke yake.

Msichana mmoja Mborana, kutoka kijiji cha wafugaji cha Biliqo, aliandika Isiolo. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu. Darasa likacheka. Akaniuliza, "Mwalimu, hata huu wetu hawaujui?"

Ningemjibu vizuri ningekufa? Nikamwambia, "Kama unataka wetu, nenda ukae kwenye seng'enge ya uwanja uandike mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho wa muhula." Nilikuwa namkejeli. Yeye akashukuru, akaenda. Na nilijua kabisa kwamba basari yake ya karo inategemea somo langu: akianguka, anarudi nyumbani.

Wiki nzima alisimama kwenye jua kando ya uwanja, mtandio umejaa vumbi. Akaniletea daftari. Nikafungua: "Nyeupe, mkia mwekundu, kovu chini ya mlango. Ilitakiwa saa nne, imetua saa tano kasorobo. Vumbi." Inayofuata: "Kijivu, tumbo jeupe." Kurasa na kurasa hivyo.

"Sasa hizi ni ndege ngapi?" nikamuuliza.

"Sijahesabu, mwalimu. Kwetu mifugo haihesabiwi, ni mkosi. Unamjua kila mmoja kwa rangi na alama yake, kwa hivyo asiporudi unajua ni nani. Nikaona nifanye hivyo."

"Ebo! Hizi ni ng'ombe?"

Darasa likavunjika mbavu. Nilifurahia kile kicheko, Mungu anisamehe. Nikampa sifuri, na muhula uliofuata hakuonekana.

Mwaka uliofuata nilikuwa natayarisha somo, nikafungua jedwali moja la programu ileile ambalo nilikuwa naliruka kila mara. Lilikuwa orodha ya ndege zenyewe. Kila ndege na alama yake ya mkiani, ili uweze kuifuata moja moja kila inapokwenda. Ndivyo yule msichana alivyofanya. Nikalitoa lile daftari kabatini, nikaliingiza kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Ile yenye kovu ilikuwa inachelewa kila siku ya vumbi. Zingine, hapana. Kazi safi kabisa, kuliko yoyote niliyowahi kusahihisha, na mwalimu mzima nilikuwa nimeiita ng'ombe.

Nikakimbia kwa mkuu wa idara kuomba ile sifuri ibadilishwe. Akaniangalia juu ya miwani. "Alama zilishapelekwa. Maji yakimwagika hayazoleki." Akarudi kwa chai yake.

Basi nikaanza kulitumia daftari darasani. Wanafunzi wanalipenda kupita kiasi, maana ni uwanja wao, ndege wanazozisikia. Mkaguzi alikuja, akanisifu mbele ya walimu wote, ati nina ubunifu. Nami nikatabasamu! Nikapokea sifa, nikakaa.

Jioni hiyo aibu ilinizidi, nikampigia simu yule msichana. Alikuwa kisimani, nasikia mbuzi nyuma yake. Nikamweleza yote: kwamba alikuwa sahihi, kwamba mimi ndiye sikujua, kwamba daftari lake sasa linafundisha chuo kizima.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo sifuri imetolewa?"

"Hapana," nikasema. "Imekataa."

Akawaita mbuzi wake. Kisha akasema, kwa adabu ileile yake, "Haya, mwalimu. Wewe endelea kufundisha."