Mkwe wa Mbele na Mkwe wa Nyuma

Eliberto alipomwoa Nohelia alipata vitu viwili kwa mpigo: mke mzuri na kafi. Mke alimchagua mwenyewe. Kafi alikabidhiwa kesho yake asubuhi, kabla hata hajamaliza uji, kwa sababu huku Canaima mwanamume wa kabila la Kipemoni akioa huhamia kwa wakwe na kuwafanyia kazi. Baba mkwe wake, mzee Sinforoso, alikuwa na mtumbwi mrefu wa kupeleka watalii kwenye maporomoko ya Kerepakupai, yale ambayo ramani imeona vyema kuyaita kwa jina la rubani mgeni. Mzee alikaa nyuma, penye mashine. Mkwe akawekwa mbele, penye mawe, ayaone mapema na kuonya.

Kazi yenyewe ingekuwa nyepesi kama isingekuwa heshima. Katika nyumba ya mzee Sinforoso mkwe hasemi na baba mkwe ana kwa ana. Neno hupitia kwa mtu wa tatu, na nyumbani mtu huyo ni Nohelia, aliyezoea kupokea maneno huku na kuyapeleka kule akiwa anakuna muhogo. Mtoni Nohelia hayupo. Yupo mtalii. Kwa hiyo habari zote za mawe, magogo na maji ya kina kifupi zilipitia kwa mtu aliyeshuka kwenye ndege jana, ambaye jaketi la kujiokolea amelivaa nje ndani na akili yake yote iko kwenye visubi vinavyomla miguu.

Bila shaka kuna ishara za mikono. Mitumbwi mingine yote huenda kwa ishara: mtu wa mbele akinyoosha mkono kushoto, mashine inaelekea kushoto, na hakuna aliyewahi kutukanwa. Lakini mzee Sinforoso aliona kuelekezwa njia na mkwe ni kuvuliwa nguo hadharani. Macho yake yalikuwa mazima. Aliweza kumwona kasuku kwenye mti wa ng'ambo na kukwambia kama ni dume. Kitu kimoja tu hakuwahi kukiona, nacho ni mkono wa Eliberto.

Na Eliberto, katika dunia hii yote, alikuwa na tamaa moja: kukaa nyuma na kushika ile mashine. Vijana waliooa baada yake walikuwa wameshaachiwa mashine na wakwe zao, nao walimpita mtoni wakimpungia mkono kwa huruma ya kuudhi. Kila mvua zikianza alimtuma Nohelia aulize. Kila mara jibu lilirudi lile lile, kwamba mwambie mumeo mwakani. Kufungua mdomo mwenyewe hakukuwezekana. Mzee alishatangaza siku nyingi kwamba mkwe atakayemsemesha atakunja chandarua na kitanda chake cha bembea arudi kijijini Kavanayén kwa mama yake, na Nohelia asingemfuata. Eliberto aliumia, akameza, akapiga kafi.

Basi siku moja mwishoni mwa mvua, mto ukiwa umeshaanza kupungua, walipakia watalii, na kati yao alikuwamo Doña Fidelina, bibi mmoja wa mji wa Maracaibo. Watu wa Maracaibo hawana habari ya kunyamaza, na mama huyu alikuwa amezaliwa huko na kukaa huko. Eliberto alimketisha karibu yake akijua amepata tarishi.

"Mama, naomba umwambie bwana wa nyuma maji yamepungua. Tushike upande wa kulia."

"Si yule pale, mwanangu? Kwani hasikii?"

"Anasikia vizuri sana."

"Sasa?"

"Ni mkwe wangu."

"Alaa." Doña Fidelina aligeuka kumtazama mzee, akamgeukia tena Eliberto. "Mimi pia nina mkwe, huu mwaka wa sita naishi naye, na anaongea. Ningejua kuna utaratibu kama huu ningemwozesha binti yangu huku."

Akapeleka ujumbe. Jibu likarudi bila kukawia.

"Anasema alianza kupita mto huu wewe ukiwa bado unanyonya. Anasema mengine pia, lakini nimeyaacha huko huko."

Hivyo ndivyo walivyopanda mto wa Churún, tusi likienda mbele, samahani ikirudi nyuma, na Doña Fidelina akiongeza chumvi njia nzima. Watalii wengine walidhani ni sehemu ya burudani waliyolipia. Mmoja aliwarekodi.

Kisha mto ukakata kona, miti ikafunguka, na maporomoko ya Kerepakupai yakajitokeza juu huko, maji yakitoka mawinguni na kugeuka moshi kabla hayajafika chini. Hapo Doña Fidelina alinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kwao, pengine tangu ajue kusema, alinyamaza, na asingeweza kuchagua wakati mbaya zaidi, kwa sababu jiwe lilikuwa mbele yao, jeusi, limefunikwa na maji kidogo tu.

Eliberto alinyoosha mkono wa kushoto. Mtumbwi ukaendelea.

"Mama, mwambie kushoto."

Doña Fidelina alikuwa ameachama, anatazama juu.

"Mama!"

Mtumbwi ukaendelea. Eliberto alimfikiria Nohelia, akafikiria kitanda chake cha bembea kikikunjwa, akageuka mzima mzima.

"Kushoto, mzee, kushoto! Umelala?"

Mzee Sinforoso alishtuka, mkono ukavuta wenyewe. Jiwe lilikwaruza ubavu wa mtumbwi kutoka mbele mpaka nyuma, likaachwa nyuma yao. Watalii walipiga makofi. Walikuwa wanayapigia maporomoko.

Jioni kambini kuku walikuwa motoni wamechomekwa kwenye vijiti, na Eliberto hakuwa na hamu hata ya kuonja. Alikaa peke yake akingoja hukumu, na moyo ulimuuma kweli, maana alimpenda mkewe. Mzee akaja akasimama mbele yake.

"Umeniuliza kama nimelala."

"Ndiyo, mzee."

"Sikulala. Mkono wako nauona. Nauona tangu siku ya kwanza."

Eliberto aliutazama mkono wake mwenyewe.

"Sasa heshima umeshaimwaga," mzee akasema. "Siwezi kukaa nyuma huku mkwe ananipigia kelele kutoka mbele. Kesho kaa wewe nyuma. Nitakaa mbele, nipige kelele mimi."

Asubuhi, safari ya kurudi, Eliberto alishika mashine kwa furaha. Mzee alikaa mbele, akageuza uso kwake na kuupa mto kisogo, akaanza kusema. Aliyasema yote aliyoyaweka moyoni tangu harusi: jinsi Eliberto anavyokata kuni, jinsi anavyokula, jinsi alivyofunga mtumbwi vibaya mwaka juzi. Kati ya lawama na lawama alitaja jiwe bila hata kugeuka, na kila jiwe lilikuwa pale pale aliposema. Hakupumzika hata walipotokea kwenye mto mkubwa wa Carrao.

Doña Fidelina alivumilia alivyoweza. Mwishowe akageuka nyuma, amechoka, mikono masikioni.

"Mwanangu, nakuomba, mwambie bwana wa mbele anyamaze kidogo."

Eliberto aliongeza moto kwenye mashine.

"Mama, yule ni mkwe wangu," alisema. "Mwambie wewe."