Mtoto wa Siku Mbili Kwenye Fomu ya Mwezi

Pale ofisi ya afya ya wilaya walimwita Bi Jumla, na wala hakukasirika. Miaka kumi na moja alikuwa akijumlisha watu: waliozaliwa, waliokufa, wenye malaria, wenye kuhara. Ukimuuliza za nyumbani anakujibu, "Malaria imeshuka." Wenzake walicheka mpaka basi.

Sasa ofisi ile ilikuwa na desturi yake, na nikisema desturi nawapamba tu, ulikuwa ujanja mtupu. Mtoto akizaliwa nyumbani, akafa kabla ya wiki, kwenye daftari la mhudumu wa kijiji alipigwa mstari. "Hajaongeza, hajapunguza," mkuu wa takwimu alizoea kusema. Kuzaliwa kwake hakuandikwi, kufa kwake hakuandikwi, na wilaya inasifiwa kwa vifo vichache vya watoto wachanga. Mistari hiyo aliipiga Bi Jumla mwenyewe, tena kwa rula.

Jumanne binti yake alijifungulia nyumbani. Uchungu ulimwanza ghafla na kituo kilikuwa kimefungwa. Mtoto wa kiume. Alhamisi walimzika. Ijumaa Bi Jumla alivaa viatu aende kazini, kwa kuwa ndiyo siku ya kupeleka fomu ya mwezi. Hakuwa amelia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, jamani, chai alikunywa bila sukari na hakujua.

Binti alimshika mkono mlangoni.

"Mama, fomu inaondoka leo?"

"Leo."

"Mwanangu awemo. Nisije nikaonekana sikuzaa."

"Atakuwemo."

Ofisini alifungua daftari la mhudumu. Wa kiume, siku mbili. Akalibeba mpaka kwa mkuu.

"Bosi, huyu simpigii mstari. Ni mjukuu wangu."

Mkuu alivua miwani. "Loh! Pole sana, mama. Wa kwako mwandike bwana, mmoja haharibu kitu."

Akaandika: kuzaliwa, moja, kufa, moja. Wale wengine wa mwezi ule, watano, aliwapigia mstari kama kawaida, na saa sita fomu ikaondoka.

Nyumbani alimkuta binti amekaa kitandani, maziwa yamelowesha blauzi.

"Yumo?"

"Yumo."

Hapo binti akaangua kilio alichokibana tangu mazishini, akamwegemea mama yake, akalia weee mpaka kwikwi zikamkaba. Bi Jumla alimpapasa mgongo, akingoja na yake machozi yaje. Hayakuja.

"Afadhali wewe ndiye unayeandika," binti alisema. "Na wa wenzangu, mama, huwa unawaandika hivyo hivyo?"

"Wote," alijibu Bi Jumla, akainuka kwenda kumtafutia blauzi kavu.