Siku ya Jina na Ruta Mpya

Mimi nikinunua kifaa huwa sisomi karatasi ya maelekezo. Ni kiburi, najua. Alhamisi ile nilitoka Korogwe na ruta mbili mpya za waifai za kumfungia mama nyumbani Handeni, nikazifunga kwa nusu saa tu: moja juu ya kabati la vyombo sebuleni, nyingine karibu na uani. Nikajaribu video, ikakimbia vizuri. Nikajisifu mpaka mama akacheka.

Haraka yote ilikuwa ya akika. Dada yangu anayeishi ng'ambo alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, wa kike, na kwetu mtoto wa kwanza hupewa jina na bibi mzaa mama. Mama alikataa kulituma kwa ujumbe.

"Jina linatajwa kwa mdomo, mtoto akisikia," alisema.

Ruta za zamani zilikuwa zimechoka, ndiyo maana nikaleta mpya.

Ijumaa baada ya swala, pilau likiwa jikoni na majirani wamejaa uani, tukampigia dada. Sura yake ikaja vipande vipande, kisha ikaganda mdomo wazi. Mama akaisogelea simu, akaitazama, halafu akanigeukia.

"Mwanangu, ndiyo hizo mpya?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikazizima kwenye swichi ukutani, nikaziwasha tena. Nikabadilisha chaneli ya waifai. Nikampigia fundi mmoja wa Segera, akaniambia nikague nyaya. Nikakagua za uani, nzima. Nikalaumu hata mvua ambayo haikuwa imenyesha. Mama hakunikaripia. Alikaa tu akikunja na kukunjua pembe ya ushungi wake, na hilo liliniuma zaidi.

Sauti ikatoka uani: "Sinia kubwa iko wapi? Pilau limeiva!"

"Imo kabatini, kaitoe," mama akaniagiza.

Nikafungua kabati, nikaivuta ile sinia ya bati iliyoegemezwa wima. Nyuma yake, kwenye pembe kabisa, ruta yangu ilikuwa imekaa na kitambaa cha kufuma kichwani kama bibi harusi. Kabla sijageuka, nikamsikia dada simuni: "Mama! Sasa nakuona!"

Nikamtazama mama, mama akanitazama.

"Mimi niliihifadhi," akasema. "Kitu kizuri hakiachwi juu ya kabati kikaliwa na vumbi."

Na kile kitambaa kingine cha juu ya kabati, nilichokuwa nikikiangalia tangu asubuhi nikidhani kimefunika ruta? Kilifunika kopo la sukari. Fundi mzima nilikuwa nahangaika na nyaya za uani wakati sinia ya bati inaziba mawimbi ndani ya kabati, hatua mbili kutoka nilipokaa. Tulicheka mpaka mama akajifuta macho kwa ushungi. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuipima.

Kisha mama akamwambia dada amsogeze mtoto. Akainama juu ya simu, akataja jina. Lilikuwa la marehemu bibi yetu, mama yake mzazi.

Dada akamvuta mtoto kifuani.

"Mama," akasema, "mtandao unakatika. Hebu rudia."

Nikachungulia simu. Picha ilikuwa safi kabisa. Niliyaona machozi ya dada yakishuka bila kukwama popote. Mama akarudia.