Mkaguzi wa Mawimbi Uani kwa Mama Mkwe

Kazini walimwita Antena. Kwa miaka kumi na minane alizunguka mjini na gari la idara, kipokezi mapajani, akisaka wanaorusha mawimbi ya redio bila leseni. Hakuwa na mchezo: aliwahi kubeba mtambo wa mhubiri katikati ya maombi.

Jumanne moja mkurugenzi akamwita. Kamera ya geti lake, badala ya geti, ilikuwa inamwonyesha mapaa ya watu.

"Kuna mtu anarusha droni mtaani kwetu. Video yake inaingilia kamera yangu. Nikamatie."

Mtaa wenyewe Antena aliujua. Mkewe alikulia hapo. Akaegesha, akashuka, akageuza kipokezi huku na huku mpaka picha ya droni ikakaa sawa kwenye kioo chake: barabara, gari jeupe, na kando yake mwanamume mwenye upara unaong'aa. Antena akajishika kichwa. Mwanamume naye akajishika kichwa.

Mawimbi yakamfikisha uani kwa mama mkwe, mwalimu mstaafu wa fizikia. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, miwani ya video usoni, rimoti mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuona toka kwenye kona. Umenenepa."

"Mama, nimekuja kikazi. Droni haina neno. Tatizo ni hicho kinachorusha picha: nguvu yake imezidi kiwango cha wasio na leseni."

"Nani kakwambia mimi sina?"

Akaingia ndani, akatoka na faili. Leseni ya redio ya ridhaa, ile ya wanaorusha mawimbi kwa kujifurahisha. Mtihani: tisini na sita. Masafa yametajwa, nguvu imetajwa. Chini kabisa, sahihi ya Antena mwenyewe, ya mwezi ule alipokaimu dawati la leseni, akisaini rundo zima huku akiongea na simu.

"Mimi nilikuwa nasoma daftari kabla ya kutia alama," mama akasema kwa upole. "Haya, pima. Ukimaliza, pima na kamera ya bosi wako."

Akapima. Ya mama ilikuwa sawasawa. Kamera ya mkurugenzi, ng'ambo ya ukuta, haikuwa na kibali chochote, tena ilikuwa imejikalia kwenye masafa ya wenye leseni.

Antena alikaa garini saa nzima, kalamu mkononi. Angeweza kupindisha maneno, ila mama mkwe alishaomba nakala ya ripoti. Akaandika yote kama yalivyo.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama. Akamsifu kwa umakini wake. Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo: Antena amepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa stoo ya vifaa vilivyokamatwa.

Stoo haina dirisha. Siku ya kwanza dereva wa mkurugenzi alileta kamera ya geti kwenye mfuko wa plastiki, na fomu imeshajazwa: mmiliki hajulikani. Antena akaipangia rafu.

Mkewe ndiye aliyefurahi. Mume sasa anarudi nyumbani saa kumi na nusu, kila siku.