Mashine Iliyotaka Meza

Baba aliinunua mnadani, Mzungu mmoja alipokuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao: mashine ya chuma ya kusagia, yenye mkono wa kuzungusha na skrubu ya kuubana. Alikuja nayo Kariakoo kifua mbele, utadhani kaleta gari.

Kabla ya hapo nyumba yetu ilitegemea kisu cha bibi, mama yake baba. Kilikuwa na mpini wa mti na bapa lililolika kwa kunolewa. Bibi hakukatia ubaoni. Alishika fungu la matembele kiganjani akalikata nyembamba kama nyuzi, huku anapiga soga. Wanawake waliopanga vyumba kwetu walimletea mboga zao uani kila alasiri, naye akawakatia wote. Tangu afiwe na mumewe, furaha yake ilikuwa pale. Navikumbuka vicheko vyao, na mpaka leo navitamani.

Sasa mashine ilitaka kufungwa kwenye ukingo wa meza, na meza pekee ilikuwa chumbani kwa baba.

"Mama, sasa pumzika," baba alimwambia. "Unazungusha kidogo tu, kazi imekwisha."

Kweli ilikwisha. Matembele yalitoka uji wa kijani, baba akayala na kuyasifu peke yake. Wapangaji wakaona vibaya kumsumbua bibi aliyepumzishwa, kila mmoja akawa anakata zake mlangoni pake. Bibi akabaki chumbani na lile dude. Nilimwonea huruma sana, na baba nilimkasirikia.

Haukupita muda, skrubu ikapotea. Baba alipekua nyumba nzima, akawashuku panya, akamshuku hata paka wa jirani. Bibi alimsaidia kutafuta, tena kwa bidii, kisha akachukua kisu chake akarudi uani.

Alipofariki, miaka mingi baadaye, arobaini ikapita, mama yangu akawa anakunja kanga za bibi. Kwenye pindo la mojawapo, pale wanawake wanapofunga senti, palikuwa na fundo. Alilifungua mbele yangu. Tulitazamana, tukacheka huku tunalia.

"Mmepata nini?" baba aliuliza kutoka ukumbini.

"Si kitu, mume wangu."

Mama akaifunga skrubu kwenye pindo la kanga yake mwenyewe, akachukua kisu cha bibi, akaenda uani. Wapangaji walikuwa wameshaleta matembele.