Mama Mkwe Nyuma ya Kinga

Kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku kwetu, haipatani na Bukavu. Mji umejengwa juu ya vilima, na aliyeteremka asubuhi akipiga mluzi hurudi jioni akiisukuma kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Mimi nilizoea kinga Kisangani, ambako ardhi ni tambarare, na ujana wangu niliumaliza nikibeba abiria. Baadaye nilipita Kindu, nikapita Uvira, kila mahali nikisema nitakaa kidogo tu. Niliporudi Bukavu kuoa, nilikuja na kinga ile na begi moja. Leo nina zaidi ya miaka arobaini na bado naipanda, na vijana wa pikipiki pale soko la Nyawera hunicheka kila wanaponiona nasukuma.

Kuna wiki petroli ilikosekana mjini. Pikipiki zilipangwa kando ya soko, wenyewe wamelala juu yake. Nilipopita, mmoja aliinua kichwa, akaniita mjomba kwa Kifaransa, akawaambia wenzake, "Sasa tonton ndiye tajiri. Yake inakunywa bugali." Walicheka, lakini bila nguvu.

Siku hiyo mke wangu alipiga simu kutoka Kasha, pembezoni mwa mji. Alikuwa huko tangu jana, kwenye msiba wa mama yake mkubwa. Alisema mwili utatoka nyumbani saa nane kwenda makaburini, na mama yake bado hajafika. Saa sita ilikuwa imekwisha kupita.

Mama mkwe wangu anakaa nyuma ya soko. Marehemu alikuwa dada yake, na ndiye aliyemlea walipobaki yatima. Nilimkuta kando ya barabara, kikapu cha maharagi mkononi, akitazama magari machache yakipita yamejaa. Magoti yake ni mabovu. Kwa miguu peke yake asingewahi. Mimi nilikuwa nimeshika kinga. Wote wawili tuliiona njia iliyobaki, na hakuna aliyetaka kuitaja.

Mukwe kwetu ni mtu wa heshima. Tangu nioe sikuwahi kukaa naye kiti kimoja, wala kula naye sahani moja. Nikimsalimia natazama chini. Na abiria wa kinga, kila mtu anajua, humshika dereva kiuno.

Yeye ndiye aliyeamua. Alikaa ubavu kwenye kiti cha nyuma, akakibana kikapu katikati yetu kama ukuta, akashika chuma chini ya tandiko langu. Nilikanyaga.

Penye mlima abiria hushuka, hiyo ni desturi, naye alishuka bila kuambiwa. Alipanda polepole mkono mmoja ukiwa gotini, nami nikasukuma kando yake. Wapita njia walimpa pole kwa ajili ya kikwembe chake, kitenge cha msiba. Mara mbili aliniuliza saa. Mara ya pili nilimpunguzia dakika kumi ili asihangaike, nikaona anaharakisha hata hivyo.

Kisha mteremko. Breki yangu ya nyuma ilikuwa imelika, kwa hiyo nilikandamiza gurudumu kwa soli ya sandali, kama tulivyofanya zamani. Tukaingia shimo. Kikapu kiliruka, maharagi yakamwagika hadi mtaroni, na mikono yake miwili ikanishika shati. Nilitaka kusimama.

"Acha," alisema. "Ni maharagi tu."

Tulikwenda hivyo, bila ukuta. Mwanzoni alishika kitambaa kwa ncha za vidole. Barabara ilipozidi kuwa mbaya alinishika kiuno, na nikasikia pumzi yake mgongoni, ya mtu anayejizuia kulia. Nikakanyaga tu.

Kabla ya nyumba ya msiba kuna kona yenye mikaratusi. Wanaume wa ukoo wangekuwa wamekaa nje, wengine wazee kuliko yeye. Nilipunguza mwendo pale ili ashuke, aingie kwa miguu yake kama inavyofaa, nami nifuate baadaye. Alielewa. Tulisikia nyimbo zikibadilika, zile za kuutoa mwili.

"Papa, usisimame," aliniambia, kwa jina la heshima aitwalo mukwe. "Wakiona, waone."

Tuliingia uani hivyo, yeye amenikumbatia, mbele ya watu wote. Wanaume sita walikuwa wamekwisha kuinua sanduku begani. Mzee mmoja alianza kuuliza ni mambo gani haya, mwingine akamgusa mkono, akanyamaza. Mke wangu alitutazama, mara yeye, mara mimi, halafu akawaambia wale sita waliteremshe.

Waliliweka tena juu ya viti viwili, wakafungua kifuniko. Mama mkwe alishuka, akayumba, akashika usukani wangu kidogo mpaka miguu ikatulia. Kisha akaenda. Mimi nilibaki penye ua nikiwa nimeshika kinga, nikimsikia akimwita dada yake kwa jina la utotoni, jina ambalo wengi pale walikuwa hawajawahi kulisikia.